Kesi ya Kumi

Mtu akiniuliza habari za Bibiane, mshauri wa ndoa wa parokia yetu ya zamani pale Bukavu, yule ambaye wanawake kuanzia Ibanda hadi Kadutu wanamsifu kwamba anajua kusikiliza, sibishi. Anajua. Mimi ni shahidi. Nilikuwa mteja wake wa kumi, wakati yeye mwenyewe bado anajifunza kazi, na hakuna mtu, si mama yangu mzazi wala padri kwenye kiti cha maungamo, aliyewahi kunisikiliza vile. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa mpaka leo. Mtu asiyejua kusikiliza angeniumiza kwa kitu gani?

Alizaliwa upande wa Mwenga, baba yake mchimba dhahabu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, ikabidi awe anawapikia baba na wenzake kambini. Wanaume wale walirudi na matope mpaka masikioni, wakala na kusema, wakasema na kula, na hakuna aliyekumbuka kwamba yule mtoto mwenye mwiko naye ana masikio. Aliniambia kwamba huko ndiko alikojifunza kuwa mtu husema ukweli wakati hakuna anayemtazama. Vita vya sitini na nne vikawafukuza, wakaja Bukavu, masista wakamfundisha ushonaji. Mwaka 1976 parokia ilipofungua Kituo cha Familia, wakachagua wasichana sita wa kujifunza ushauri, na Bibiane akawa mmoja wao. Kwenye karatasi za serikali aliandikwa jina lingine, kwa kuwa zama zile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Sisi tulimwita Bibiane tu, kwa sauti ya chini mbele ya watu wa chama tawala, kwa sauti ya kawaida nyumbani. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na akiingia chumbani kitu cha kwanza ni kuvua viatu. Alisema viatu vinamziba masikio.

Sasa na mimi. Naitwa Yolande, mtu wa Kalehe, niliyeolewa Bukavu na Grégoire, karani wa ofisi ya serikali, mwanaume wa mashati meupe na maneno machache. Tulikaa nyuma ya soko la Nyawera. Nilimzalia watoto watano. Wa mwisho, Clémence, alitoka na damu yangu karibu yote. Daktari alimwita Grégoire akamwambia waziwazi kwamba mimba ya sita itanizika. Grégoire akaitikia kwa adabu, na tulipofika nyumbani akasema madaktari ndivyo walivyo, kazi yao kutisha watu.

Nikaenda mwenyewe kwa muuguzi mmoja, akanipa vidonge. Nikavificha ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini kabisa, ndani ya kitambaa. Miaka minne nilimeza kidonge kila asubuhi huku bwana yangu akinitazama tumbo. Sikujivunia. Lakini nilikuwa hai, na watoto wangu walikuwa na mama.

Tumbo langu likawa shauri la ukoo. Ignace, kaka mkubwa wa Grégoire, alikuwa katibu wa Kamati ya Familia ya parokia, mtu ambaye hata kupiga chafya kwake kuna ajenda. Akaitisha kikao nyumbani kwetu, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, wakajadili kwa nini sizai. Mmoja akasema uchawi, mwingine akasema ugonjwa. Nilivumilia saa nzima. Kisha nikachemka.

“Miye siko gunia la mihogo,” nikawaambia, “kila mwaka munashindilia tu mupaka ipasuke!”

Wanawake wakaziba midomo. Ignace akaandika kitu kwenye karatasi yake. Uamuzi ukatoka: nipelekwe Kituo cha Familia, nishauriwe, nirudi katika njia. Nilikubali kwa sababu nilijua kinachonisubiri nikikataa. Kwetu mwanamke akirudishwa kwa baba yake, anarudi na nguo zake tu. Watoto ni wa ukoo wa baba, wanabaki. Clémence alikuwa na miaka mitano, bado analala ameshika sikio langu.

Ndivyo nilivyomkuta Bibiane. Walimpa mimi kwa sababu kesi yangu ilionekana nyepesi, mwanamke mmoja mkaidi, basi. Siku ya kwanza alinikalisha kama alivyofundishwa: meza katikati, macho kwa macho, karatasi ya maswali mbele yake. Umeolewa mwaka gani? Watoto wangapi? Nikajibu kama mtu aliyekamatwa na askari. Ndiyo. Hapana. Watano. Msimamizi wake, Maman Agathe, mwanamke mnene aliyesomea mambo hayo Ulaya miezi mitatu na hakutuacha tusahau, alichungulia mlangoni akatikisa kichwa akaenda zake. Tulitoka sote wawili tumeloa jasho.

Wiki iliyofuata nilikuta meza imesukumwa ukutani. Viti viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, vinatazama dirisha, na mbele yake kuna kigoda chenye ungo uliojaa maharage.

“Maman Yolande, unisaidie kuchambua,” akasema, ameshavua viatu. “Kwetu tuko bengi, na hii maharage ya Nyawera iko na mawe kupita maharage yenyewe.”

Nikacheka bila kupenda. Tukachambua. Na nani kwetu asiyejua kwamba mwanamke hafungui moyo akikodolewa macho, lakini mpe kitu cha kufanya kwa mikono uone? Sote tunalijua hilo tangu jikoni kwa mama zetu. Bibiane peke yake ndiye aliyelipeleka kazini. Maman Agathe alipouona ule ungo alisema hapa si sokoni. Bibiane akajibu, “Ndiyo, Maman,” na wiki iliyofuata akaleta maharage mengi zaidi.

Hakunipa ushauri hata mmoja, na hilo mwanzoni liliniudhi sana. Nikisema nimechoka, naye anasema “umechoka,” kisha anaokota jiwe anatupa. Nikisema naogopa, naye “unaogopa.” Nilimwambia hata kasuku wa jirani yangu anaiweza kazi hiyo, tena bila kusomea. Alicheka mpaka maharage yakamwagika, tukapiga magoti kuyaokota, na tukiwa bado chini akaniuliza, “Unaogopa nini, Maman?” Nilirudi nyumbani na swali lake, nikapika nalo, nikalala nalo.

Wiki ya nne nikamwambia. Nilimwambia habari za damu, za daktari, za kopo la maziwa. Nilirudia hata maneno ya gunia, kwa sababu nilikuwa nayaonea fahari kidogo. Mikono yake haikusimama. Aliendelea kuchambua taratibu mpaka nilipomaliza kulia, ndipo akauliza:

“Nani mwingine anajua?”

“Muuguzi. Na wewe sasa. Bibiane, kama hii neno inatoka hapa, napoteza batoto yangu. Unanisikia? Batoto batano.”

“Inabakia hapa, Maman Yolande. Unaona miye niko na kalamu?”

Akanyoosha viganja vyote viwili, vimejaa vumbi la maharage. Nami nikaviamini.

Nisimnyime haki yake. Alinisaidia. Kwa wiki nyingine tano nilisema na kusema, na katika kusema kwangu nikajikuta nimepata njia bila yeye kunionyesha kwa kidole. Niliamua kwamba baada ya Pasaka nitamwomba yule daktari amwite Grégoire tena, mbele yangu, na safari hii nisinyamaze. Nitamwambia mwenyewe habari za vidonge, pale pale, daktari akiwa shahidi. Daktari alikubali, siku ikapangwa. Grégoire hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayehitaji kuambiwa jambo faraghani, tena na mtu mkubwa. Nilipomweleza Bibiane uamuzi huo, alipiga makofi kama mtoto.

Siku ile ya daktari haikufika.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Kila msichana wa mafunzo alipaswa kuandika kesi kumi katika daftari, kwetu twasema kaye, na bila kesi kumi hakuna cheti. Bibiane alikuwa na tisa. Alikuwa amekaa kimya juu ya yangu mpaka Maman Agathe alipomwita akamwambia kaye yake ina upungufu, na kwamba jina la mteja likibadilishwa hakuna dhambi, hata Ulaya ndivyo wanavyofanya. Tena akamkumbusha kanuni aliyowafundisha tangu mwanzo: maneno ya mteja yaandikwe kama yalivyotoka kinywani, neno kwa neno, ndipo watahini waone kwamba mshauri alisikia kweli.

Basi akaandika. Aliniita Mama T., akanihamishia mtaa wa Bagira, akamfanya bwana yangu dereva, akaniongezea mtoto wa sita. Vyote alivibadilisha vizuri. Maneno yangu peke yake ndiyo aliyoyaacha. Kumbe wiki zote zile, mimi nikitoka mlangoni, yeye alikuwa anabaki akiyarudia kichwani ili yasimpotee. Na nasema kitu kinachoniuma kuliko vyote: aliyaacha kwa sababu aliyapenda.

Siku ya mtihani, Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, wasichana walisimama katika ukumbi wa parokia kila mmoja asome kesi yake iliyo bora. Maman Agathe alimchagulia Bibiane ile ya kumi. Kwenye meza ya watahini, pamoja na padri na Maman Agathe, ilikaa Kamati ya Familia, na katibu wake ni nani? Ignace, amevaa abakosti yake ya kijivu, ile suti ya serikali isiyo na tai, kalamu mkononi. Bibiane alimwona. Alijua ni shemeji yangu, maana nilimtaja mara ishirini juu ya ungo ule. Akasoma. Alifikiri kwa kuwa nimehamia Bagira niko salama.

Alisoma vizuri sana, nimeambiwa. Alipofika kwenye gunia la mihogo, Ignace aliweka kalamu chini. Alipofika kwenye kopo la maziwa, Ignace alikuwa ameshasimama.

Alitufikia tukiwa mezani, mchana, watoto wote wapo. Hakuomba hata maji.

“Grégoire,” akasema, “kumbe gunia yako inakunywaka vidonge.”

Kisha akaeleza yote, akiigiza sauti yangu, mbele ya watoto. Grégoire akaenda jikoni. Nilisikia makopo yakianguka moja moja: la chumvi, la chai, la maziwa. Akarudi ameshika kile kitambaa. Hakunipiga. Alisema, “Umenifanya niwe mutu ya kuchekwa mu parokia yote.” Nilingoja aseme lingine. Ningepiga magoti kama angeuliza tu, hata kwa hasira, iwapo ni kweli ningekufa. Hakuuliza. Akasema kesho niende kwetu.

Asubuhi wakawafungia watoto chumbani. Clémence alikuwa anaita. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Kwenye kituo cha kamioneti za Kalehe, pale Nyawera, nikiwa nimeshapanda juu ya mizigo, nikamwona Bibiane anakuja mbio, peku, kitambaa cha kichwa mkononi. Habari zilikuwa zimemfikia.

“Maman Yolande! Sikutaja jina. Naapa, sikutaja jina!”

“Uliandika,” nikamwambia.

“Nilibadilisha yote, Maman. Muji, batoto, kazi ya papa…”

“Ulinionyesha mikono, Bibiane. Mikono bila kalamu. Halafu uliandika.”

“Ilibakia moja tu. Juu ya cheti. Maman Agathe alisema…”

“Na cheti ulipata?”

Dereva alikuwa anawasha gari. Bibiane hajui kusema uongo ukimwuliza swali la moja kwa moja, nalo ni jambo la kuchekesha ukilifikiria.

“Nilipata,” akasema. “Nilikuwa wa kwanza.”

Gari likaondoka. Watu wa juu ya mizigo walijifanya hawakusikia.

Miaka kumi na sita sasa naishi Kalehe, kwanza kwa baba, halafu kwenye nyumba yangu ndogo juu ya ziwa, nikikausha sambaza, dagaa wa ziwa letu, na kuuza. Grégoire alioa mwingine. Wakubwa wangu wanne, kila mmoja alipojitegemea, alinijia, akaniuliza, nikamweleza, tukalia, tukaanza upya kadiri tulivyoweza. Clémence hakuja. Yeye alilelewa na mama wa kambo na akaambiwa na Ignace kwamba mama yake alichoka na watoto, akawakataa, akaenda zake. Alikuwa mdogo mno kukumbuka tofauti, na wakubwa wake niliwaapisha wasimwambie, nilitaka asikie kwangu mwenyewe. Mara mbili nilimwona Nyawera kutoka mbali, amevaa sare ya shule. Sikuthubutu kumwita mbele ya wenzake.

Bibiane aliniandikia barua tatu. Sikuzifungua, nikawashia moto. Habari zake nilizipata kwa wasafiri tu: kwamba sasa ndiye mkuu wa Kituo, kwamba alifuta ile desturi ya kesi kumi, kwamba haruhusu kalamu iingie chumbani mwake. Watu waliniambia hayo wakidhani nitafurahi. Niliwaza: alijifunza kazi yake juu yangu, kama mshonaji anavyojifunza kwa kitambaa cha mtu mwingine.

Mimi nilikuwa na kazi moja. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Clémence. Wale wengine niliwaeleza tu, lakini yeye ni tofauti, kwa kuwa ni kuzaliwa kwake ndiko kulikonitoa damu, na ni kwa sababu hiyo nilimeza vidonge. Ukilisema vibaya jambo hilo, mtoto ataondoka akibeba mzigo kwamba yeye ndiye aliyevunja nyumba. Kwa hiyo nilitafuta namna. Nilikuwa nikigeuza samaki juani nikilijaribu kwa sauti, naanza hivi, naacha, naanza tena. Nilipanga nimwambie kwanza jinsi alivyonishika kidole alipozaliwa, mimi sina nguvu ya kufumbua macho. Kisha daktari. Kisha ndiyo vidonge, na kwamba nilivimeza ili nimwone anakua. Nilikuwa nimelipanga mpaka likakaa sawa. Hakuna kitu kingine nilichokuwa nimemwekea.

Mwaka jana, mwaka wa tisini na mbili, mwezi wa saba, msichana akashuka kwenye gari la Bukavu na kuuliza nyumba yangu. Nilimjua kabla hajafika mlangoni. Ana paji langu la uso.

Tulikaa nje. Hatukujua pa kuanzia. Akaniambia anaolewa mwezi wa tisa na mwalimu mmoja, kijana mpole, anaitwa Marcellin. Akaniambia parokia inadai wachumba wapite Kituo cha Familia miezi mitatu.

“Ni pale nilipata nguvu ya kukuya kukuona,” akasema. “Iko maman moja pale, ananisikilizaka muzuri sana. Nilimwambia mambo yote, maman, hata ile siwezi kuambia dada zangu.”

Sikumwuliza jina. Moyo wangu ulikuwa umeshalisikia. Nikasema moyoni nisubiri, nisiharibu siku hii, nimpe kwanza kile kilicho chake. Nikakaa sawa.

“Clémence, iko neno moja nataka nikuambie. Juu ya nini niliondokaka ku nyumba.”

Akanishika mkono. Uso wake ulikuwa wa upole, upole wa mtu aliyekwisha kukusamehe.

“Usijisumbue, maman. Najua yote. Maman Bibiane alinielezea.”

“Alikuelezea nini?”

“Yote. Vile alijua miye ni mutoto wako, siku ya kwanza tu, alilia. Akaniambia kosa yake. Hakujificha. Akanielezea vidonge, na vile ulisema hauko gunia, na vile miye nilizaliwa karibu nikuue.” Akakaza kunishika mkono. “Nilikaa siku mbili bila kula, maman. Lakini yeye alinibeba. Sasa niko sawa. Iko mutu ya kweli, ule maman. Nilimwomba asimame na bamaman ku harusi, na alisema hapana, mupaka wewe umukubalie.”

Nilitazama mkono wake juu ya wangu. Siku mbili bila kula. Mimi ningemlisha siku zile mbili. Mimi ningekuwa pale.

Najua Bibiane alitaka nini. Alitaka kutubu, na alitubu kwa kitu changu. Mara ya kwanza alikuwa na sababu, msichana asiye na cheti, na mkubwa wake nyuma yake anamsukuma. Mara hii hakuna aliyemsukuma. Nina hakika alivua viatu. Nina hakika alisema maneno yangu neno kwa neno, vizuri sana, bila kubadilisha hata moja.

Clémence alikuwa ananingoja.

“Ulitaka kuniambia nini, maman?”

“Hakuna,” nikamwambia. “Amekwisha kusema.”